Mdogo wangu amesema hataki kuwa mradi wangu wa wokovu

Bwana Yesu asifiwe, mama.

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja mwenye barua nitakuwa mimi. Uniwie radhi ikiwa ndefu, maana jambo lenyewe sijui nilikatie wapi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 37, nina mke na watoto wawili. Niliokoka nikiwa shuleni, na tangu hapo nimetumika kanisani bila kukoma: kwanza kwaya, baadaye idara ya vijana, na sasa nimechaguliwa kuwa mzee wa kanisa, nasubiri kusimikwa. Kwetu tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 29. Mama yetu ni mjane na anaishi nami. Mdogo wangu naye yuko kwangu tangu alipopata kazi jirani na tunapoishi, kwa hiyo sote tuko chini ya paa moja.

Huyu mdogo wangu nimemlea kiroho. Mimi ndiye niliyemwongoza sala ya toba akiwa na miaka 14, tumekaa kitandani kwake, wenzetu wameshalala. Akakua akiyapenda mambo ya Mungu kuliko hata mimi. Aliimba sauti ya tatu, na watu walikuwa wakisema huyu atakuwa mtumishi. Baba alipougua tuliomba na kufunga sana, kanisani ikatamkwa kwamba atapona, lakini Mungu akamchukua. Baada ya hapo mdogo wangu akaanza kukosa ibada moja moja, mwisho akaacha kabisa.

Mama, angekuwa mlevi au mhuni ningejua napambana na nini. Lakini yeye ndiye anayemchoma mama sindano ya sukari kila asubuhi, kwa sababu mimi mkono unanitetemeka. Ndiye anayempeleka kliniki na kukaa naye kwenye foleni. Jumamosi usiku akiwa anapiga pasi nguo zake za kazi huchukua na shati langu la ibada akalinyoosha, bila kuambiwa. Tukiwa na sala ya jioni huzima simu, anakaa nasi, ila haimbi na hafumbi macho. Siku moja mwanangu alimuuliza, "Baba mdogo, mbona wewe huombi?" Akamjibu kwa upole tu, "Bado sijui nimwambie nini."

Nimejaribu kila njia. Nilikuwa nikimtumia mstari wa Biblia kila asubuhi. Nimekipa jina lake kila kikundi cha maombi ninachokijua. Nilimwalika mchungaji chakula cha jioni bila kumwambia mdogo wangu, na baada ya kula mchungaji akaanza kumhoji. Siku hiyo alinyamaza hadi wageni wakaondoka, kisha akanifuata nje. Hakupaza sauti. Alisema: "Kaka, nakupenda, na najua unanipenda. Lakini kila tukikaa pamoja nakuwa nasubiri tu, lile jambo utalifikia saa ngapi. Mimi ni mdogo wako. Sitaki kuwa mradi wako wa wokovu."

Toka siku ile nimefunga mdomo. Na kusema kweli nyumba imetulia. Tunatazama mpira pamoja, tunacheka kama zamani. Lakini moyoni sina amani. Nikisoma Ezekieli 33, habari za mlinzi aliyeona upanga unakuja asipige tarumbeta, naona ni mimi. Andrea alimpata Masihi akaenda moja kwa moja kumwita ndugu yake Simoni. Mimi ndugu yangu analala chumba cha pili nami nazungumza naye habari za mpira. Nuru yangu ni nuru gani isiyovuka ukuta mmoja? Mama ananiambia, "Wewe ndiye baba yake sasa. Siku ukikutana na baba yako utamjibu nini?" Na kwenye kikao kimoja mzee mwenzangu alisoma 1 Timotheo 3, kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza Kanisa la Mungu. Hakunitaja, lakini nilielewa.

Sasa kusimikwa kwangu kumekaribia. Mdogo wangu amesema atakuja: "Nitakuja kwa ajili yako, kaka." Mchungaji aliposikia alifurahi sana. Anapendekeza kwamba baada ya kusimikwa aite familia yote mbele kuombewa, na mdogo wangu akiwa pale amuulize kama yuko tayari kurudi kwa Bwana. Mama alilia kwa furaha, akaniomba nisimwambie mapema asije akakwepa. Mke wangu hataki kabisa. Anasema, "Mkimfanyia hivyo hatarudi kanisani, na hata mezani utamtafuta."

Mama, nimruhusu mchungaji? Niendelee kunyamaza au niseme? Na je, mtu ambaye ndugu yake mwenyewe yuko nje anastahili kweli kuitwa mzee wa kanisa?

Kaka Mkubwa

JIBU

Amina, Kaka Mkubwa. Asifiwe milele.

Pole mwanangu, na hongera pia, maana barua yako imejaa watu wanaopendana na mimi sikuikosa furaha hiyo nilipokuwa naisoma. Umeniuliza maswali matatu: la ibada, la kunyamaza, na la uzee. Yote nitayagusa. Lakini chini yake nasikia la nne, ulilolisema ulipotaja nuru na ukuta. Unajiuliza kama imani yako ina nguvu yoyote ikiwa haimgusi mtu anayekujua kuliko wote. Niruhusu nianzie hapo.

Yesu alikulia nyumba moja na wadogo zake. Marko 6 inawataja kwa majina: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni. Walikula naye, walimwona akifanya kazi, walimwona akimheshimu mama yao. Kama kuna mtu ambaye maisha yake yalikuwa nuru tupu asubuhi hadi jioni, ni yeye. Na Yohana 7:5 inasema, "Maana hata nduguze hawakumwamini." Hapo alikuwa ameshafanya ishara nyingi. Katika Marko 3 jamaa zake walitoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi na bado inanishangaza: maisha yasiyo na doa, chini ya paa moja, na wa ndani hawaoni.

Halafu ukifika Matendo 1:14, baada ya kufufuka, unawakuta nduguze wako chumba cha juu pamoja na Mariamu na wanafunzi, wanasali. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anasema Yesu alimtokea Yakobo, na katika Wagalatia 1:19 anamtaja Yakobo, ndugu yake Bwana, aliyemwona Yerusalemu. Kilichopita kati ya wale ndugu wawili siku ile ya kutokewa hakikuandikwa. Hatujui walisemezana nini. Nakuletea habari hii bila kukuahidi kwamba na wako atarudi. Ahadi hiyo sina, na ningekudanganya kama ningekupa. Nakuletea kwa sababu umeshika hesabu moja kichwani: nikiishi sawasawa, mdogo wangu ataamini, hajaamini, basi siishi sawasawa. Hesabu hiyo ukiipeleka nyumbani kwa Yosefu na Mariamu haitoki.

Turudi kwenye mstari wenyewe wa nuru, Mathayo 5:16: "Vivyo hivyo nuru yenu na iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Bwana hakusema ni nani ataona, wala baada ya muda gani. Tena katika mahubiri yale yale, sura inayofuata, anaonya tusifanye wema wetu machoni pa watu ili tutazamwe. Haya mawili yanakaa pamoja kwa shida, na mtu anayetumika mbele za watu kama wewe anaijua shida hiyo. Ndiyo maana nataka nikuulize kwa upole, wala sikushtaki: unapotamani mdogo wako arudi, ni nani wengine wanaotazama? Umewataja mwenyewe: mama, mchungaji, mzee mwenzako kikaoni. Katika mzigo huo uliobeba, kuna sehemu ambayo ni upendo kwa mdogo wako, na huenda kuna sehemu ambayo ni aibu. Vyote vinaweza kukaa katika moyo mmoja wa mtu mwema. Ila huenda yeye amekuwa akiisikia ile ya pili zaidi ya ulivyodhani, na neno "mradi" likatoka hapo.

Sasa kuna jambo umelipita mbio, nami limenishika. Habari za baba yenu umezimaliza kwa sentensi moja: tuliomba, tukafunga, ikatamkwa atapona, Mungu akamchukua. Kisha ukaendelea na safari. Mdogo wako alikuwa kijana wakati ule, mwimbaji, mtu aliyeamini kila lililosemwa madhabahuni, kwa kuwa wewe, kaka yake, ulimfundisha kuamini. Akaambiwa baba atapona. Akamzika. Je, kuna yeyote kati ya waliolitamka neno lile aliyerudi kukaa naye na kusema, "Mwanangu, hata mimi sielewi"? Wewe je, mmewahi kulizungumza lile jambo wawili nyinyi, bila kutafuta kulimaliza?

Inawezekana nimekosea, mimi nina barua tu mkononi. Lakini mtu anayemwambia mtoto "Bado sijui nimwambie nini" simsikii kama mtu aliyemtupa Mungu. Namsikia kama mtu aliyekwama katikati ya mazungumzo mazito na hataki kuigiza. Martha na Mariamu, ndugu yao alipokufa, kila mmoja kwa wakati wake alimwambia Yesu maneno yale yale: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Ni lawama ile, mwanangu, na wameisema usoni pake. Hakuwakemea. Kwa Mariamu alilia. Na Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, anaandika mwishoni mwa 2 Timotheo kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Haelezi kwa nini. Mimi ningependa kanisa lijifunze kusema habari za Trofimo bila kuona haya, maana ziko nyumba nyingi zilizoombewa na zikazika, na walioachwa wanadhani wao ndio waliopungukiwa imani.

Na yule alikuwa baba yako pia. Huku umekuwa mlezi wa mama, mlezi wa mdogo wako na karibu utakuwa mzee wa kanisa; wewe mwenyewe ulililia wapi? Huenda mdogo wako anasubiri kumwona kaka yake akiwa na swali, baada ya miaka ya kumwona akiwa na majibu. Sikuagizi ufanye hivyo. Kufungua kaburi la namna hiyo kuna hatari: unaweza kugundua hasira ambayo hukujua iko nyumbani kwako, hata hasira yake kwako wewe, ambaye huenda ulikuwa miongoni mwa waliotamka. Pima kama una nguvu ya kuisikia bila kuitetea imani papo hapo.

Kuhusu Ezekieli. Sura hiyo imewalaza macho Wakristo wengi, nami siichukulii kwa wepesi. Lakini isome yote. Mlinzi aliyeshitakiwa ni yule aliyenyamaza watu wasijue kuna upanga. Mstari wa 9 unaendelea: ukimwonya, naye asigeuke, wewe umejiokoa roho yako. Kazi ya mlinzi ni tarumbeta; kugeuka ni kwa aliyesikia. Sasa niambie, mdogo wako, uliyemwongoza wewe sala ya toba, aliyeimba Injili miaka yote ile, aliyetumiwa mstari kila asubuhi, ni tarumbeta gani ambayo hajaisikia? Na pale kwa Timotheo, mstari unaotangulia unazungumzia mtu kuwatiisha watoto wake. Mtu mzima wa miaka 29 anayejitegemea na kumtunza mama yake si mtoto wako, hata kama mama anakuita baba yake. Lakini sitaki kukufariji kwa mistari tu. Ulichoumizwa nacho kikaoni ni mwenzako kusema kwa mafumbo jambo ambalo angekuja kukuuliza. Ukiweza, mfuate, mzungumze wawili.

Umeandika kwamba umefunga mdomo, kana kwamba ndicho alichokuomba. Mimi nimeyasoma maneno yake mara nyingi na siyaoni yakisema hivyo. Alilalamika kwamba mkikaa anangojea lile jambo, yaani kwamba mazungumzo yenu yote yamekuwa njia ya kufika mahali fulani. Hakusema usimwambie kamwe unachoamini. Kunyamaza kabisa kuna faida, umeiona: mnacheka tena. Lakini kuna hatari pia. Imani ni sehemu kubwa ya maisha yako, na ukiificha anapewa nusu ya kaka yake. Anaweza pia kudhani umemkatia tamaa, au kwamba unanuna. Na wewe moyoni utaendelea kujiona mwoga, na uchungu huo siku moja utatoka mahali pasipo pake.

Kusema nako kunategemea kusema nini. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye" habari za tumaini lililo ndani yetu, "kwa upole na kwa hofu". Yuko wa kuuliza kwanza. Ikiwa haulizi, unaweza kumwambia habari zako wewe badala ya zake: kwamba leo uliomba ukaona kama unaongea na ukuta, au kwamba neno fulani lilikushika kazini. Bila kuongeza "na wewe je?" mwishoni. Hilo la mwisho ndilo gumu, nakwambia ukweli, kwa sababu miaka ya huduma imetufundisha kila ushuhuda umalizikie kwenye mwito. Unaweza pia kumuuliza moja kwa moja, "Ungependa nizungumzeje nawe mambo haya, au nisizungumze?" Akikwambia usizungumze, utalazimika kuliheshimu, na hiyo ndiyo hatari ya kuuliza.

Nakumbuka habari za Monika, mama wa Afrika ya Kaskazini katika karne ya 4, ambaye mwanawe Augustino aliiacha imani aliyomlea nayo akafuata dini ya mwalimu Mwajemi aitwaye Mani. Kuna wakati mama yule alimkatalia mwanawe hata kula naye meza moja. Baadaye akamrudisha mezani. Alimwendea askofu mmoja akamsihi akajadiliane na kijana, askofu akakataa. Alisema mwache, mwombee tu, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Askofu huyo mwenyewe alilelewa katika mafundisho yale yale ya Mani akayaacha. Mama akazidi kulia na kusihi, hata askofu akachoka, akamwambia aende zake, haiwezekani mwana wa machozi kama hayo akapotea. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387, mkononi mwa Askofu Ambrosi. Na aliandika mwenyewe baadaye kwamba mwanzoni hakumpenda Ambrosi kama mwalimu wa kweli, maana hakutegemea tena kuipata kanisani. Alimpenda kama mtu aliyemtendea wema. Machozi ya mama yalikuwepo, na wema wa mtu wa mbali ulikuwepo. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji; bali mwenye kukuza ni Mungu." Wewe ulipanda, mkiwa mmekaa kitandani kwake akiwa na miaka 14. Huenda wa kutia maji ni mtu ambaye hujakutana naye.

Lingine dogo. Wema wa mdogo wako unaonekana kukutatiza, kana kwamba angekuwa mbaya ingekuwa afadhali. Mimi ningeupokea tu. Shati lile analolinyoosha ni la kwendea mahali ambapo yeye haendi, na analinyoosha. Je, umewahi kumwambia kwamba mkono wake usiotetemeka kwenye sindano ya mama umekufundisha kitu? Umejiuliza jinsi utakavyomgusa yeye, na hukuuliza yeye amekugusaje.

Sasa ibada. Sitakuamulia, kwa sababu wewe ndiye utakayerudi naye nyumbani jioni ile. Ukimruhusu mchungaji kama alivyopendekeza, inawezekana kabisa moyo wa mdogo wako ukafunguka. Mungu ameshafanya hivyo kwa wengi na sitaki kumwekea mipaka. Yesu mwenyewe alimwita Zakayo, mtoza ushuru aliyekuwa amepanda juu ya mkuyu, kwa jina mbele ya umati mzima. Lakini angalia alimwita afanye nini: ashuke, kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Maneno ya toba, na nia ya kurudisha mara nne, Zakayo aliyasema mwenyewe. Na Yesu huyo huyo alimpokea Nikodemo usiku, mbali na macho, akamwacha aondoke bila kuandikwa kwamba aliamua lolote. Anayemjua mdogo wako ni wewe: ni mtu wa juu ya mkuyu au ni mtu wa usiku?

Hatari ya mpango huu naiona mahali pawili. Kwanza, akisema "ndiyo" mbele ya mama anayelia na kaka aliyesimikwa dakika chache zilizopita, si wewe wala yeye mtakaojua kama ile ndiyo ilikuwa ya Mungu au ya huruma kwenu. Pili, ni hiyo siri. Amekwambia anakuja kwa ajili yako. Alishakuta mchungaji mezani bila kuambiwa. Mkeo ameliona hili, na mimi ningemsikiliza kwa makini, kwa sababu anaishi na mdogo wako kila siku na hana kiti anachosubiri kukalia.

Njia nyingine zipo. Mchungaji anaweza kuiombea familia nzima ikiwa imesimama pamoja, bila swali lolote kwa mtu mmoja. Hatari yake ni kwamba mama ataona nafasi imepotea, na huenda mchungaji akashindwa kujizuia. Unaweza kumwambia mdogo wako wazi: "Wanataka tuitwe mbele, na wanataka uulizwe. Wewe unaonaje?" Hapo anaweza kuamua kutokuja. Hilo litakuuma, na mama atakulaumu wewe. Lakini akija, atakuwa amekuja akijua. Au unaweza kuomba siku hiyo iwe ya kusimikwa tu, mambo ya mdogo wako yakasubiri. Kuna watakaosema umeizuia kazi ya Roho, na itakubidi uikalie lawama hiyo bila kujitetea sana.

Mama yako usimwache nje ya haya. Alimpoteza mume, na anaogopa kumpoteza mwana milele. Swali lake la "utamjibu nini baba yako" linatoka kwenye hofu hiyo, ingawa limeangukia mabega yako. Kaeni naye wewe na mkeo, umuulize anaogopa nini hasa. Akisikilizwa, huenda akaona mwenyewe tofauti ya kumlilia mwanawe mbele za Mungu na kumtegea mwanawe mbele ya watu. Na huenda asione. Naye ni mama, mpe nafasi.

Kuhusu kustahili uzee: waliokuchagua walikuwa wanamjua mdogo wako. Kama dhamiri bado inakusumbua, liseme kwa mchungaji kabla ya siku yenyewe, usiliweke chini ya shati. Sioni katika barua yako mtu anayepaswa kujiondoa. Namwona mtu aliyechoka kubeba kazi ambayo sehemu yake kubwa si yake.

Mchungaji atahitaji kujua mapema ratiba itakavyokuwa, kwa hiyo anza kwa kumwomba siku chache kabla hujampa jibu. Ni mtu mwema, naamini atakupa. Kisha tafuta jioni moja, wewe na mdogo wako tu, mpira ukiwa umekwisha, umuulize habari za ugonjwa wa baba: alikuwa wapi siku ile, aliona nini, alisikia nini. Umsikilize mpaka amalize, hata kama ni usiku wa manane, hata kama hakuna sala itakayofuata.